Jinsi ya kuandaa dodoso la tasnifu ambalo mama lishe atalielewa

Madodoso yangu 43 ya kwanza hayakuingia kwenye kompyuta. Yalikuwa yamejazwa vizuri, hakuna kisanduku kilichoachwa wazi, na nilishaanza kuhesabu siku za kumaliza uwandani. Halafu nikaketi na mama mmoja anayeuza wali maharage pembeni ya soko la Tandika, Dar es Salaam, nikamsomea majibu yake mwenyewe na kumwomba anieleze alichokuwa anajibu. Swali la kwanza tu lilitosha kunionyesha kwamba mimi na yeye tulikuwa tunazungumzia mambo mawili tofauti.

Nilikuwa nasoma uzamili wa saikolojia. Mada yangu ilikuwa dalili za sonona (depression) kwa mama lishe waliobanwa na mikopo ya kausha damu, ile ya marejesho ya kila siku au kila wiki. Kipimo nilichochagua ni PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, na huenda wewe pia umekichagua, kwa sababu ni kifupi na ni cha bure. Waliokiandaa ni Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, na makala yao ilitoka mwaka 2001. Kina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla inaishia 27, na watafiti wengi huchukua alama 10 kuwa mstari: anayeufikia ahesabiwe kuwa na dalili zinazohitaji kuangaliwa na mtaalamu. Huhitaji kibali cha wenyewe ili kukitumia wala kukitafsiri.

Haya naandika kwa ajili ya mwanafunzi wa saikolojia, sosholojia au ustawi wa jamii ambaye pendekezo lake limeshapita na anataka kwenda kutoa kopi. Usiende steshenari bado.

Anza kwa kutafuta tafsiri iliyopo. Mimi nilijifungia chumbani usiku mmoja nikatafsiri mwenyewe, kazi ambayo wenzangu walishaifanya. PHQ-9 ya Kiswahili imetumika Kenya kwa miaka mingi, na Tanzania kuna watafiti walioipima na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha kazi ya kupima orodha nyingine ya dalili, ile ya Hopkins yenye vipengele 25, kwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam. Soma kazi hizo, kisha waandikie watafiti barua pepe kuomba nakala ya dodoso lenyewe, kwa sababu makala nyingi hazichapishi maswali kwa Kiswahili. Andika kwa heshima na ueleze mada yako kwa mistari mitatu. Usipojibiwa, andika tena baada ya wiki mbili.

Ila tafsiri iliyopita kwenye kliniki ya Eldoret, Kenya, si lazima ipite kwenye jiko la mkaa la Tandika. Hata ukiipata, bado una kazi.

Vitabu vya mbinu za utafiti vitakuambia ufanye tafsiri rejeshi: mmoja anatoa Kiingereza kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona maswali ya awali anayarudisha kwenye Kiingereza, kisha unalinganisha. Njia hii ilisambaa sana baada ya makala ya Richard Brislin ya mwaka 1970, nami siipingi. Niliifanya, na maswali yalirudi karibu neno kwa neno. Msimamizi wangu akafurahi, akasaini. Tatizo ni kwamba aliyetafsiri ana digrii, aliyerudisha ana digrii, na wote wawili wanajua kwamba neno "mfadhaiko" limewekwa pale kusimama badala ya neno fulani la Kiingereza. Wanaelewana wao kwa wao. Mama lishe hayumo kwenye mazungumzo hayo. Akiumwa moyo hasemi ana mfadhaiko, wala hasemi ana sonona. Anasema, "Nina mawazo." Mwaka 2015 Bonnie Kaiser na wenzake walikusanya tafiti kutoka pande nyingi za dunia, wakaonyesha kwamba kuwaza sana ni namna ambayo watu wa jamii nyingi hueleza dhiki zao, na kwamba haifanani moja kwa moja na ugonjwa mmoja wa kwenye vitabu. Kwa hiyo msikilize mtu anavyosema mwenyewe kabla hujaamua neno.

Kinachofuata baada ya tafsiri rejeshi ndicho wengi wanakiruka: kulipima swali lenyewe kwa watu wanaofanana na wale utakaowahoji. Tafuta watu watano au sita ambao hawatakuwa kwenye sampuli yako. Msomee mmoja mmoja swali, ajibu, kisha muulize: Swali hili umelielewaje? Lirudie kwa maneno yako. Uliposema "siku kadhaa", ulikuwa unazikumbuka siku zipi? Neno gani hapa ungelisema vingine? Andika jibu lake kama lilivyotoka mdomoni. Rekebisha maswali, nenda kwa wengine watano, rekebisha tena. Mimi ilinichukua raundi tatu, zaidi kidogo ya wiki tatu. Msimamizi aliona napoteza muda, na ilibidi nimpelekee daftari asome mwenyewe.

Chagua saa yao. Mama lishe ukimfuata saa sita mchana unamharibia biashara, atakujibu chochote ili uondoke. Saa tisa alasiri sufuria zimeshaoshwa, wateja wa mchana wametawanyika, na yeye ameketi kwenye benchi ananyoosha miguu. Hapo ndipo nilipokaa na yule mama wa wali maharage.

Swali la kwanza la PHQ-9 linahusu kupoteza hamu au raha ya kufanya mambo. Nilikuwa nimeandika "kupungukiwa na hamu ya kufanya mambo". Yeye alijibu karibu kila siku, alama 3. Nikamuuliza, "Mama, uliposikia mambo, ulifikiria mambo gani?" Akatazama kwanza kama kijana anayeosha sahani yuko mbali. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, si unaniuliza ya chumbani?" Mume wake alikuwa Lindi kwenye ufuta, mwezi wa nne huo. Alikuwa amenijibu kwa uaminifu kabisa swali ambalo sikumuuliza. Nikakumbuka kwamba katika yale madodoso 43 wanawake kadhaa walikuwa wamecheka kidogo kwenye swali hilohilo, na mimi nikadhani wananionea aibu kwa ugeni. Baada ya raundi tatu swali likawa: "Vitu vilivyokuwa vinakupa raha, kama kukaa na wenzako au kwenda kwenye shughuli, sasa huvifurahii." Mifano isizidi miwili. Ukirundika mifano mitano, anajibu ule wa mwisho.

Swali la sita ni la kujiona umeshindwa. Kwa mtu mwenye mkopo wa kausha damu, kushindwa ni kitu cha daftari. "Ndiyo, nimeshindwa, Jumatano sikupeleka rejesho." Hajazungumzia nafsi yake hata kidogo. Tukaandika: "Umejiona huna maana, au umejiona umewaangusha watu wako." Neno "umewaangusha" sikulitoa kwangu; alilisema muuza chapati aliyekuwa amekaa pembeni akitusikiliza. Wanaosikiliza pembeni wamenisaidia sana, ila ukifika kwenye mahojiano halisi hawatakiwi kuwepo.

Sasa njoo kwenye maswali matatu ambayo nakuomba uyaangalie kwa makini kuliko mengine, kwa sababu hapo Kiswahili kinaweza kuwa sahihi kabisa na bado kipimo kikakudanganya. La tatu linauliza kuhusu usingizi, la nne kuhusu uchovu, la tano kuhusu kula. Mama lishe anaamka saa tisa usiku kuwasha mkaa na kuroweka mchele. Analala saa tano usiku. Usingizi: karibu kila siku, alama 3. Anabeba ndoo za maji na gunia la mkaa. Uchovu: alama 3. Ameshinda kwenye moshi na harufu ya mafuta, jioni chakula hakimpiti kooni. Kula: alama 3. Hizo ni 9. Akiongeza siku kadhaa tu za kitu kingine chochote amefika 10, na kwenye jedwali lako ameshakuwa mgonjwa, wakati inawezekana umepima ratiba yake ya kazi. Ukienda mwezi wa Ramadhani mambo yanachanganyika zaidi.

Usibadili alama za kipimo kwa sababu hiyo, maana hutaweza tena kujilinganisha na watafiti wengine. Ongeza swali dogo chini ya kila moja kati ya hayo matatu: "Na siku ambayo hukwenda kazini, ilikuwa hivyohivyo?" Jibu lake liweke kwenye safu yake peke yake. Ukifika kwenye uchambuzi, toa jumla ya kawaida, kisha onyesha ni wangapi waliovuka mstari kwa maswali hayo matatu zaidi ya mengine. Na kama una namna yoyote ya kumpata mtaalamu wa afya ya akili akawahoji wachache kati yao bila kujua alama zao, ifanye. Hakuna hesabu itakayokupa kitu hicho.

Majibu nayo yana mtego. "Siku kadhaa", "zaidi ya nusu ya siku", "karibu kila siku": jaribu kumsomea mtu uone. "Nusu ya siku" wengi waliisikia kama kuanzia asubuhi mpaka mchana. Dawa yake niliipata jikoni kwao. Nilichukua punje 14 za maharage nikazipanga mezani mistari miwili, saba na saba. Mstari wa juu wiki iliyopita, wa chini wiki ya juzi. Nikimsomea swali, anasogeza punje za siku zilizokuwa hivyo. Wengine waligusa kila punje wakitaja siku yake: hii Jumapili, tulikwenda msibani, hii Jumatatu, jamaa wa marejesho walikuja. Tulikubaliana mapema kwamba punje 1 hadi 7 ni siku kadhaa, 8 hadi 11 ni zaidi ya nusu, 12 hadi 14 ni karibu kila siku, na hayo yameandikwa kwenye sura ya tatu ya tasnifu ili mtahini ayaone. Wewe panga mipaka yako, ila iandike, na wahojaji wako wote waifuate.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kwenye tafsiri yangu ya kwanza karibu kila mtu alijibu hapana, haraka, tena wengine kwa kukemea. Kwenye raundi ya pili nilikuwa na mama wa miaka hamsini na kitu, mjane. Akaniambia, "Kujidhuru hapana, hilo ni dhambi." Akakaa kimya akizungusha punje moja ya harage kidoleni. Kisha akasema, "Lakini kila nikiswali alfajiri namwomba Mungu anichukue nipumzike." Kwenye karatasi yangu ya zamani mama huyu angekuwa na alama 0. Toka siku hiyo nauliza kwa sehemu mbili: kwanza kama umetamani usiwepo tena au umemwomba Mungu akuchukue, halafu kama umefikiria kujidhuru. Akikubali moja, swali la tisa limepata alama, na naandika ni sehemu ipi. Na upande mwingine, "bora nife" ni maneno ambayo watu husema kwa hasira tu wakikosa chenji. Usimwandikie alama 3 kabla hujamuuliza anamaanisha nini.

Usiulize swali hili kama hujui utafanya nini mtu akisema ndiyo. Kabla ya siku ya kwanza ya uwandani, nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali iliyo karibu, zungumza na muuguzi au daktari, mkubaliane kwamba utampeleka mtu na atapokelewa. Uwe na namba yake, na ya mtu wa pili wa akiba. Mtu akikujibu ndiyo, weka dodoso chini. Usimkemee wala usimhubirie. Muulize kwa upole kama mawazo hayo anayo hata sasa, nyumbani yuko na nani, nani anaweza kuja kukaa naye. Ikiwa hali ni ya sasa, usimwache peke yake hata dakika moja: mwite uliyepatana naye na mwende pamoja. Yule mjane tulikwenda naye kliniki siku ya pili yake asubuhi, mimi na binti yake, baada ya yeye kukubali binti aambiwe, na usiku ule binti alilala kwake. Siku hiyo sikuhoji mtu mwingine.

Jua pia kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo dodoso lisiwe na jina, liwe na namba tu. Orodha inayounganisha namba na majina ifungiwe mahali pengine. Na mwambie mhojiwa tangu mwanzo ni mambo gani yatabaki kati yenu, na ni wakati gani itabidi umshirikishe mtu mwingine ili kumlinda. Hayo ya swali la tisa yaandike yote kwenye ombi lako la maadili ya utafiti.

Kuhusu vibali sina mengi. Barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka manispaa, kwa mtendaji wa kata, mpaka serikali ya mtaa. Toa kopi nyingi, kila ofisi itabaki na yake, na hakikisha ya mwisho ina muhuri. Mwenyekiti wa mtaa mheshimu, lakini usikubali atembee nawe benchi kwa benchi. Akisimama pale, hakuna atakayekataa kuhojiwa, na ridhaa ya namna hiyo si ridhaa.

Fomu ya ridhaa yenyewe ilinikwamisha nisipotegemea. Mama mmoja alikubali kila kitu, nikamtolea kalamu, akarudisha mikono nyuma. Karatasi ya mwisho aliyoitia dole gumba ilikuwa ya mkopo, na kwa karatasi ile wakaja kubeba friji. Nilirudi kwenye kamati ya maadili kuomba ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, wakakubali baada ya wiki mbili. Kama watu wako wana historia na karatasi, liombe hilo mapema. Vilevile kiasi utakachompa mtu kwa muda wake kitaje kwenye ombi lako na kiwe kilekile kwa wote.

Sampuli: tasnifu nyingi zina watu 384, na ukitaka kujua inatoka wapi, ni uhakika wa asilimia 95, ukingo wa makosa wa asilimia 5 na makadirio ya asilimia 50 ndani ya fomula moja. Namba hiyo inadhani umechagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha, na mama lishe hawana orodha. Tembea, chora ramani, hesabu vibanda, chukua kila cha tatu, kisha eleza ulichofanya. Alfa ya Cronbach, hesabu ya kuona kama maswali ya dodoso yanashikamana, nayo utaipiga, na ikizidi 0.7 utafurahi. Inakuambia tu kwamba majibu yanakwenda pamoja. Yale maswali matatu ya kazi yanakwenda pamoja vizuri sana.

Viambatisho vya tasnifu viwe na maswali ya Kiingereza, tafsiri ya kwanza, tafsiri ya mwisho, na jedwali linaloonyesha kila neno lilibadilika kwa sababu ipi. Siku ya kutetea, maswali mengi niliyoulizwa yalihusu jedwali hilo, na kila jibu nilikuwa nalo kwenye daftari, na tarehe yake.

Baada ya kutetea, rudi. Mimi nilirudi saa tisa alasiri, na ukurasa mmoja usio na jedwali hata moja, wakasogeza mabenchi mawili. Niliwasomea maswali yote tisa ya mwisho ili wasikie maneno yao yalikofika. Nilipofika "umejiona umewaangusha watu wako", yule muuza chapati akainua mkono kuwaambia wenzake kwamba hilo ni lake, na nikamthibitishia.